Miche Minne Chini ya Pazia

Mwaka huo mvua ya mawe ilikuja mwezi wa tano, ikaninyang'anya miche kumi na saba kati ya ishirini na mmoja. Iliyobaki ni minne, kila mmoja ndani ya ndoo yake ya bati, nyuma ya karo la kufulia, chini ya pazia jeupe la zamani ambalo mke wangu Domitila alikuja nalo alipoolewa. Pazia lile halikuwa la kuzuia jua. Lilikuwa la kuzuia nyuki. Kwa miaka kumi na moja hakuna nyuki aliyegusa maua ya pilipili zile, na hakuna mtu wa nje aliyejua kilichokuwa chini yake. Wageni walipouliza, Domitila aliwaambia kwamba hao ni wake wenza, mzee anawafunika wasije wakatongozwa.

Kufikia mwisho wa Oktoba miche hiyo ilikuwa na pilipili ishirini na sita. Zote zilikuwa bado za kijani, ndefu kama mkono kuanzia kifundo mpaka ncha ya kidole, zimenyooka, ngozi inang'aa. Pilipili ya kijani ni ya kupika. Ya mbegu lazima iachwe kwenye mche mpaka iwe nyekundu kabisa na ianze kulegea, na kwa macho yangu zile zilihitaji wiki tatu zaidi. Redio ilikuwa imeanza kutangaza sakitu, ule umande unaoganda alfajiri na kuunguza kila kilicho laini, kwa hiyo kila jioni nilizifunika kwa blanketi juu ya pazia. Mbegu za akiba sikuwa nazo. Zote nilikuwa nimezipanda Februari. Chochote kilichosalia cha pilipili ile duniani kilikuwa pale, katika zile ndoo nne.

Hapo ndipo Zenaida alipokuja.

Zenaida Olivas nilimsimamia ubatizo, ndiyo maana ananiita padrino. Mimi ndiye niliyemshika kichwa juu ya beseni la kanisa akiwa na wiki sita, na tangu siku hiyo mimi na baba yake, Macedonio, tukawa kompadre. Kwetu hapa El Sauz kompadre ni zaidi ya ndugu wa damu, kwa sababu ndugu unapewa tu, kompadre unamchagua. Alisimama mlangoni na hakutaka kiti. Alisema baba yake hali chakula tena. Uvimbe wa tumbo umekua, na daktari wa mjini ameshasema kwamba Siku ya Marehemu, tarehe mbili Novemba, huenda akaiona, Krismasi hapana. Anachotaka ni kitu kimoja tu, nyama ya nguruwe kwa pilipili za kijani, kama alivyokuwa akipika mama yake. Zenaida alikuwa ameipika mara mbili kwa pilipili za sokoni, na mara zote mbili mzee alionja kijiko kimoja akakiweka chini.

"Jana kaniambia, katupe, haya ni majani," alisema. "Kasema pilipili ya babu haipo tena, basi asisumbuliwe. Mimi sikuja kuomba chakula, padrino. Nimekuja kukwambia siku zimebaki chache. Mkitaka kuendelea kununiana, utanuniana na kaburi."

Nilimwambia nimesikia. Alipoondoka nilikwenda nyuma nikainua pazia, nikabaki nimelishikilia mkononi.

Lazima niseme nilichomfanyia Macedonio.

Pilipili ile aliachiwa na baba yake, na baba yake aliitunza miaka arobaini, kila msimu akichagua miche bora na kuiacha iwe nyekundu. Ilikuwa tamu kwanza, kisha moto kidogo ulikuja nyuma, kama mgeni anayebisha hodi kabla ya kuingia. Wanunuzi walikuja wenyewe shambani kwa Macedonio. Mbegu hakumpa mtu. Ni mimi peke yangu aliyewahi kunipa, kikopo kimoja cha tumbaku, siku ya Zenaida ya kupokea komunyo ya kwanza, akasema hizo ni za bustani ya nyumbani, si za shamba. Nilikiweka kwenye sanduku la vifaa vyangu nikakisahau.

Mimi nilikuwa mgawa maji wa mfereji. Nilifungua milango ya maji kwa zamu na kuifunga, na kila mkulima alinisalimia kwa heshima kwa sababu ya funguo. Nilikuwa pia na kipande cha shamba, kimepakana na cha kompadre upande upepo unakotoka. Mwaka mmoja nikaamua kupanda mistari minne ya pilipili nyembamba, zile kali zinazokaushwa. Macedonio akaja akaniomba nisizipande pale. Alisema chavua itavuka mpaka na kuharibu mbegu yake. Mimi kusoma nilijifunza ukubwani, jioni baada ya kazi, na kilichopigwa chapa nilikiamini kama misale. Nilikuwa na kijitabu cha bwana shamba. Nikamsomea mstari mzima, palipoandikwa kwamba ua la pilipili hujichavusha lenyewe.

"Sawa kompadre," alisema, "lakini nyuki hawasomi."

Nilipanda.

Msimu wa kwanza haukuonyesha kitu, kwa maana tunda la mwaka ule humwonyesha mama tu, yaani mche uliolizaa. Msimu wa pili, mbegu zile zilipoota shambani kwa Macedonio, ndipo baba, yaani chavua ya pilipili zangu, alipojitokeza. Kwa umbo zilikuwa zile zile, ndefu na zilizonyooka, ila ndani zilikuwa moto mtupu, nyingine zaidi ya nyingine. Na msimu huo ndio Zenaida alioolewa. Nguruwe wawili walichinjwa. Wanawake walipika masufuria saba ya nyama kwa pilipili za nyumbani kwa baba wa bibi harusi, usiku kucha, wakiwa wameshaizoea ladha yake tangu utoto na hakuna aliyefikiri kuonja mapema. Mchana wageni mia mbili walikaa, wakatia kijiko cha kwanza mdomoni, na meza nzima zikaanza kukohoa. Watoto walilia. Padri aliomba maziwa.

Nilijua papo hapo kilichotokea na ni nani aliyekifanya. Ningeweza kunyamaza. Badala yake nilisimama na glasi yangu, nikiogopa mtu mwingine asije akakitaja kijitabu changu kabla sijasema neno, nikasema kwa sauti kwamba kompadre wangu ni mjanja, ametia moto sufuriani ili kila mtu ale kipande kimoja tu na nyama ibaki. Watu wakacheka. Mkubwa wa bendi akairudia kwenye kipaza sauti. Tangu siku hiyo mpaka watoto wa shule walimwita Mzee Moto, na mtu aliyekuwa fahari ya mfereji wetu wote akawa kichekesho cha duka la bia.

Hakunigombeza. Kesho yake alipita mbele yangu kama mtu anayepita mbele ya mti.

Mwaka huo huo, nikitafuta patasi, nilikiona kile kikopo cha tumbaku. Mbegu zilikuwa na umri wa miaka mingi, zilizoota ni tisa. Ningempelekea siku ile ile. Nilijiambia kwanza nione kama ni zenyewe. Zilipozaa nikaona ni zenyewe, nikajiambia nizizidishe kwanza, mtu hapeleki zawadi ya ndoo tisa. Baadaye ikawa aibu ya kuchelewa, na aibu ya kuchelewa huzidi yenyewe kila mwaka, haihitaji mbolea. Na tuseme kweli, kumpelekea kungekuwa kukiri. Basi nikanunua ndoo, Domitila akatoa pazia lake, na hatua mia sita kutoka mlangoni kwa Macedonio nikawa naitunza pilipili ya baba yake kama mwizi anayelisha ng'ombe wa watu vizuri.

Domitila alinikuta nikiwa bado nimeshika pazia. Vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, kisu hakishiki tena, kwa hiyo jikoni miaka hii mikono ni yangu na amri ni zake.

"Utampikia," alisema.

"Nitampikia."

"Basi chuma nane. Mgonjwa anakula vijiko vitatu. Nyingine ziache ziive, umpelekee na mbegu."

Nikamwambia nyama ya pilipili nane si nyama ya pilipili, ni supu iliyopita karibu na bustani. Nikamwambia siwezi kufika kwa Macedonio baada ya miaka kumi na moja na bakuli la hospitali. Tena sakitu inakuja, huenda tukaamka tukute zote zimekufa na hatukula wala hatukuvuna.

"Blanketi zipo," alisema. "Wewe unataka sufuria ijae ndiyo ufunue kifuniko aone. Nakufahamu, Abundio. Hata kuomba msamaha unataka upigiwe makofi."

Nilichuma zote ishirini na sita. Ya mwisho ilikuwa ndogo, imejificha chini ya jani, na mkono wangu ulisita. Kisha nikaichuma nayo.

Asubuhi ya Alhamisi nilikwenda kununua bega la nguruwe kwa Ochoa muuza nyama, lenye mafuta yake, nikalikata vipande vya ukubwa wa limau dogo. Nyama hii haianzi na mafuta ya chupa. Unaitia kwenye sufuria na maji kidogo na chumvi, unaiacha ichemke taratibu mpaka maji yakauke, na hapo mafuta yake yenyewe yameshatoka, inaanza kujikaanga. Inapaswa kuwa rangi ya kahawia ya tandiko la farasi pande zote. Wengine hukosa subira, wakatia pilipili nyama ikiwa bado nyeupe, kisha wanashangaa mchuzi hauna kina.

Nje niliwasha kuni za miti ya miiba mpaka zikawa makaa. Pilipili nilizipanga juu ya wavu nikazigeuza moja moja. Ngozi ilivimba, ikapasuka, ikawa nyeusi, na harufu ikaenea. Harufu hiyo nilikuwa sijaisikia tangu enzi zile, kwa sababu miaka yote tulikula moja moja tu, mbichi, kwa kupima, na nyingine zote zilikuwa za mbegu. Domitila alitoka jikoni akasimama mlangoni na mikono yake iliyopinda ndani ya aproni. Alisema inanukia kama alipokuwa msichana. Kisha akasema, "Maskini wee," na sikujua kama alikuwa anamwambia Macedonio au mimi.

Nilizifunga kwenye kitambaa chenye unyevu zitoke jasho, kisha nikazimenya kwa vidole. Mtu anayemenya pilipili chini ya bomba anaosha ladha yote na kuipeleka kwenye mfereji wa maji machafu. Unamenya kwa mkono mkavu, na ikibaki alama nyeusi mbili tatu haidhuru. Nilizipasua, nikatoa moyo wake na mbegu. Mbegu zilikuwa nyeupe na laini, changa, tena zimepita motoni. Nilizikusanya kwenye sahani bila kujua kwa nini. Domitila alizitazama, akachukua sahani, akawamwagia kuku.

Kitunguu, vitunguu saumu vinne, viazi viwili vya kuushika mchuzi. Bizari nyembamba sikutia, kwa sababu mama yake Macedonio hakutia. Pilipili nilizichana vipande virefu nikazilaza juu ya nyama, maji ya moto kiasi cha kufunika, kifuniko, moto mdogo, saa nzima. Nilipofunua, mafuta yalikuwa yameelea juu yakiwa na rangi ya kijani, na sufuria ilikuwa imejaa mpaka shingoni. Nilifurahi. Nalisema hilo pia.

Sufuria ilikuwa ile ya buluu yenye mikono miwili. Niliifunga kwa taulo, nikavaa kofia yangu ya Jumapili, Domitila akaniwekea chapati za ngano ndani ya kitambaa. Alinirekebisha ukosi akasema nizungumze kabla sijafunua kifuniko, si baada. Kwa miaka kumi na moja kwenda dukani nilizunguka kwa njia ya kanisa ili nisipite mbele ya nyumba ile. Siku hiyo nilivuka daraja la mfereji moja kwa moja. Sikukutana na mtu ila mbwa.

Macedonio alikuwa amelazwa chumba cha mbele, penye jua, akiwa ameegemezwa mito mitatu. Alikuwa mtu mkubwa, mbeba magunia. Sasa mkono wake juu ya shuka ulikuwa kama wa mtoto aliyevaa ngozi ya baba yake. Macho ndiyo hayakupungua. Yalinitazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Umekuja kunizika au kunilisha?" aliuliza.

"Kukulisha, kompadre."

"Kofia hiyo ni ya maziko. Ivue, unanitia baridi."

Nikaivua. Zenaida alivuta kiti, akapokea sufuria, akaiweka juu ya meza ndogo karibu na dawa. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, na ya kwanza yalikuwa juu ya harusi. Nikafungua mdomo. Lakini taulo lilikuwa limelegea na mvuke ukaniwahi. Niliona pua yake ikisogea. Akanyanyua kidole kimoja kuninyamazisha, akafumba macho, akavuta pumzi, akavuta tena.

"Nani kachoma hizi?"

"Mimi."

"Funua."

Zenaida akafunua. Akamtilia kwenye sahani, kijiko kimoja cha nyama na pilipili mbili tatu, akamlisha. Macedonio alitafuna muda mrefu sana. Alipomeza, chozi moja likashuka bila uso wake kubadilika, kama maji yanayopenya chini ya mlango wa mfereji uliofungwa vizuri.

"Ya baba," alisema.

Hapo nikamwambia yote. Kikopo cha tumbaku, zile tisa zilizoota, ndoo, pazia, nyuki. Nilisema haraka kama mtu anayetua mzigo. Alisikiliza akiwa amenitolea macho. Nilipomaliza aliuliza kama ni miaka yote. Nikasema yote.

"Kumi na moja," alisema. "Na mimi nipo hapa ng'ambo ya daraja."

"Niliona haya, kompadre."

"Haya." Alilitafuna neno hilo kama alivyotafuna nyama. Kisha uso wake ukachangamka kidogo, jambo ambalo sikulitarajia, akajivuta juu ya mito na kuniuliza kama mkulima anavyomuuliza mkulima. "Mwaka huu umeacha ngapi ziwe nyekundu?"

Nikaigeuza kofia mkononi.

"Abundio. Nyekundu ziko ngapi?"

"Hakuna."

"Unazo mbegu za mwaka jana."

"Nilizipanda zote. Mvua ya mawe ilibakiza miche minne. Ilikuwa na ishirini na sita." Nikaitazama sufuria. "Zimo humo."

Zenaida alisimamisha kijiko hewani. Macedonio aliigeukia sufuria ya buluu, iliyojaa mpaka shingoni, ikitoa mvuke kwa ajili ya mtu mmoja asiyeweza kumaliza kikombe cha uji. Aliitazama muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.

"Vijiko vitatu," alisema mwishowe. "Tumbo langu ni vijiko vitatu. Ungechuma mbili." Hakupandisha sauti, hakuwa nayo. "Mara ya kwanza uliichafua. Mara ya pili umeichinja ukaniletea na chapati."

Nilisema kwamba nilitaka ale ashibe. Nilisema kwamba nilitaka kumwomba radhi kwa yale ya harusini. Yalitoka yamechanganyika, radhi na pilipili na kipaza sauti, na mimi mtu ninayejua kupanga sentensi nilijisikia nikibabaika kama mlevi mbele ya hakimu. Alitikisa kichwa, si kwa kukubali, ila kama mtu anayefukuza nzi.

"Binti," alimwambia Zenaida, "mletee sahani."

Nikasema sina njaa.

"Sikukuuliza njaa. Kaa ule. Tukimaliza hii mimi na wewe hatuna tena cha kugombania."

Zenaida alileta sahani, akanijazia. Tulikula. Yeye alikula vijiko vyake vitatu, na cha nne akakitia mdomoni akakiacha huko muda mrefu bila kumeza. Mimi nilikula sahani nzima, kisha akaamuru niongezwe, na nikala na hiyo. Ilikuwa nyama bora kuliko zote nilizopika maishani. Tamu kwanza, kisha ule moto mdogo ukabisha hodi nyuma ya ulimi. Kila tonge lilishuka kama jiwe. Mara moja tu aliniuliza kama nilizimenya kwa maji, nikasema la, akasema afadhali.

Nilipoinuka aliniachia nimshike mkono. Kama alinibana vidole au mkono wake ulitetemeka tu, sijui mpaka leo. Sufuria niliiacha, kwa sababu ilikuwa bado na nusu, na Zenaida na watoto wake wangeila jioni.

Usiku huo sakitu ilishuka. Sikufunika ndoo, kulikuwa na nini cha kufunika. Asubuhi majani yalikuwa meusi na yamelegea kama matambara, na Domitila akalichukua pazia lake, akalifua kwa vidole vyake vile vile, akalianika. Hakusema kwamba alinionya.

Macedonio alifariki siku nane baadaye. Siku ya Marehemu aliiona, kama daktari alivyosema. Nilibeba jeneza upande wa kushoto mbele, mahali pa kompadre, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Sala za siku tisa nilihudhuria zote. Siku ya tatu nilimsikia kijana mmoja pale nje akisema Mzee Moto sasa amezimika. Nilikuwa nimesogea kumkemea, kisha nikakumbuka jina hilo lilitoka mdomoni mwa nani, nikarudi kwenye kiti changu.

Kwetu sufuria ya jirani hairudishwi tupu. Ukiletewa mchuzi, unarudisha hata maharage, hata yai moja. Baada ya siku ya tisa, msalaba wa chokaa uliochorwa sakafuni kwa ajili ya marehemu ulipokwisha kuondolewa, Zenaida alikuja na sufuria ya buluu imefungwa kwa taulo lile lile. Nilidhani ni maharage. Aliiweka mezani akasema baba yake aliagiza isije bila kitu.

Ndani kulikuwa na pilipili nyekundu, zimekauka nusu, kama thelathini. Ndefu, zilizonyooka. Kila moja ilikuwa imefungwa uzi wa sufu kwenye kikonyo.

Nilimuuliza zimetoka wapi. Akasema shambani kwao, nyuma ya zizi, mahali pasipoonekana kutoka barabarani. Baada ya harusi watu wote walijua mzee ameacha pilipili na kupanda mahindi. Hakuacha. Kila mwaka alipanda zile zilizoharibika, na kila Septemba alipita mche hadi mche akiuma pilipili moja kutoka kila mmoja, mdomo ukiwaka, machozi yakimtoka, mpaka apate mche uliopoa kuliko mingine. Pilipili za huo alizifunga uzi na kuziacha ziwe nyekundu. Mwaka uliofuata akaanza tena. Alipoanza kuumwa tumbo daktari alimkataza kugusa kitu kikali, naye akaendelea kuuma. Zenaida alimficha daktari jambo hilo kwa sababu mzee alimwapisha.

"Alikuwa anairudisha ya babu," alisema. "Alisema kila mwaka inapoa kidogo. Wewe ulipoondoka siku ile alilia, padrino, halafu akaniambia zile za uzi ziende kwako, kwa sababu wewe ndiye wa mwisho unayeijua ladha. Alisema kama angepata chavua ya mche mmoja tu wa kwako, kazi ya miaka kumi na moja ingekuwa ya miaka miwili."

Domitila alikaa chini taratibu.

Nilichukua pilipili moja kutoka sufuriani. Umbo lilikuwa lenyewe. Niliishika puani, na harufu ilikuwa karibu, karibu sana, mtu asiyeijua angeapa. Zenaida alikuwa ananitazama mdomo. Nikavunja ncha nikauma, nikatafuna mpaka mwisho kama alivyotafuna baba yake. Utamu ulikuja, mdogo, kisha moto ukaingia bila kubisha, ukanijaa kooni na machoni.

"Imekaribia?" aliuliza.

Nilifuta macho kwa mkono wa shati.

"Bado, binti yangu," nilimwambia. "Bado mbali."